Nyumba Iliyokwama Asilimia Sitini

Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Sisi huku tunalala na tunaamka, na kwa sasa hilo linatosha kuitwa uzima. Dada yenu ana mimba ya miezi mitano na amekuwa mkali utadhani ndiye mwanamke wa kwanza duniani kubeba mimba. Mumewe anatembea kwa kunyata humu ndani kama mgeni. Kazini wamenibadilishia njia, sasa nasoma mita za maji za mitaa ya juu, ngazi tupu kutwa nzima. Na yule mwalimu mstaafu naye amehamia huko na mbwa wake, kwa hiyo vita vyetu vinaendelea.

Nina ombi moja kabla ya yote. Usinipigie simu. Si kwamba nimekukasirikia; wewe niliyekulea tangu marehemu dada yangu akuache na meno manne mdomoni, nitakukasirikiaje? Ila simu siitaki siku hizi. Niandikie kwa karatasi, nami nitakujibu kwa karatasi.

Sasa lililonikalisha mezani. Wale vijana mliokuwa mnacheza nao mtandaoni, wewe na mdogo wako Futi, wamenitumia kadi ya pole. Majina ishirini, na majina yenyewe ya ajabu ajabu, mmoja anajiita Bata Mzinga. Wameandika: “Pole sana mama, tulikuwa tunasubiri kwa hamu kucheza ndani ya nyumba yako.” Nyumba yangu! Nikamuuliza dada yenu, akaniambia Futi alikuwa anaijenga nyumba yetu ndani ya ule mchezo wenu wa kufichana na kukimbizana, chumba kwa chumba, na kwamba wewe ndiye unayeitunza sasa. Ndipo nikaelewa kwa nini likizo yake ya mwisho alitambaa sakafu nzima na futi ya fundi mkononi, akapima hadi upana wa sinki. Nilimcheka siku hiyo. Nilimwambia jina tulilompa utotoni limempanda kichwani.

Bado siamini, mwanangu. Homa ya siku tatu imchukue mtu wa miaka ishirini na sita.

Nataka kuingia kwenye hiyo nyumba. Kucheza sijui na sitaki kujua. Nataka kuiona kazi ya mwisho ya mwanangu kwa macho yangu. Kompyuta yake ya zamani iko chumbani kwake, na fundi kompyuta mwenye duka mkabala na ofisi yetu ameiamsha. Niambie nifanyeje.

Mama yako mdogo

*

Tarehe 27 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako imefika Ijumaa nikaisomea kazini, juu ya paa la lifti, katikati ya ghorofa ya sita na ya saba, ambapo siku hizi ndipo ofisini kwangu. Kazi si mbaya. Juzi nilinasa ndani ya lifti niliyotoka kuitengeneza, pamoja na mama mmoja mtu mzima. Akaniuliza kama kuna fundi wa kuitwa. Nikamwambia fundi ndiye mimi. Akaanza kusali kwa sauti.

Chumba chetu ni kile kile. Kitanda cha Futi nimekisogeza ukutani. Mpe pole dada na ukali wake, na shemeji mpe pole zaidi.

Nyumba ipo, mama. Futi alinipa faili lake wiki mbili kabla hajafariki, akasema limekamilika. Nililiweka kwenye seva yetu, yaani ile kompyuta ya kukodi ambayo wachezaji wote hukutana humo, nikalifunga kwa neno la siri. Mpaka leo hakuna aliyeingia, hata mimi.

Utafanya hivi. Fungua mchezo, andika anwani ya seva niliyoiandika nyuma ya karatasi hii, kisha neno la siri. Kompyuta yako itagundua kwamba haina ramani hiyo, basi seva itaanza kukutumia kidogo kidogo. Utaona mstari unajaa na asilimia zinapanda. Ni faili kubwa, megabaiti mia mbili na arobaini, kwa sababu Futi alichora kila kigae na kila ufa. Kwa hiyo litachukua muda. Tumia waya, usitegemee waifai. Mtandao wa huko unaujua ulivyo.

Nakuomba usiwe na haraka. Na kama mambo yatakuwa mazito, liache. Hakuna anayekulazimisha.

Mwanao

*

Tarehe 18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka habari ya yule mama wa kwenye lifti hadi dada yenu akaja kuchungulia, akidhani nalia. Siku hizi hawatofautishi. Yeye anavimba vizuri. Ametundika picha ya harusi sebuleni, ile kubwa ya familia nzima, ambayo ninyi wawili hamumo. Nimemwambia aitoe. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia inaficha ufa. Ukuta wenyewe hauna ufa.

Haya, nyumba yetu. Nimejaribu mara tatu. Mstari unajaa kwa mwendo wa bibi harusi. Nakaa mbele yake na sweta la mjukuu mkononi, nafuma, nainua macho, asilimia moja. Nafuma tena, asilimia mbili. Ikifika sitini, inakatika. Maandishi yanakuja kwamba nimetolewa kwenye seva, nianze upya. Mara zote tatu, sitini. Mara ya tatu nilipiga meza hadi kikombe kikaruka.

Nimewaza jambo la kijinga labda. Kama tatizo ni njia, kwa nini lipite njia hiyo? Si uliweke kwenye flashi, uifunge ndani ya barua, unitumie? Barua zako zinafika, nyumba itashindwaje?

Nilipoona mwili wa Futi Januari, mikono ilikuwa imekonda sana. Nimekuwa nikiifikiria ile mikono. Basi, ni mawazo tu ya mtu mwenye msiba.

Mama yako mdogo

*

Tarehe 2 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Kazi imetubana. Kuna jengo la ghorofa kumi na mbili lifti zake zote nne zimegoma pamoja, na kutwa tunapandisha vipuri kwa ngazi. Magoti yangu sasa yanakuheshimu wewe na kazi yako. Natumaini dada anaendelea vizuri na siku zake zinakaribia.

Kuhusu ramani, tatizo hili ni la kawaida, wachezaji wengi hulilalamikia. Mwambie fundi ajaribu haya. Kwanza, lile faili lililokatika katikati linabaki ndani ya kompyuta na kukuchanganyia mambo. Alitafute kwenye folda ya mchezo, alifute, ndipo uanze upya. Pili, aangalie kama kompyuta haipakui vitu vingine kimyakimya, maana programu zina tabia ya kujisasisha bila kubisha hodi. Tatu, kwenye mipangilio ya mchezo kuna sehemu inayouliza kama unaruhusu vitu vyote kutoka kwenye seva au ramani peke yake. Achague ramani peke yake. Nne, jaribu saa tofauti, kwa sababu jioni watu wengi wako mtandaoni na njia inajaa. Ikishindikana azime rauta, ahesabu hadi thelathini, aiwashe.

Usikate tamaa, lakini pia usijitese. Ni picha tu, mama. Nyumba yenyewe unaishi ndani yake.

Mwanao

*

Tarehe 25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Dada yenu amebakiza wiki tatu. Nimemaliza sweta, nimeanza soksi. Mbwa wa mwalimu amenirarua sketi Jumatatu, na mwalimu akasema mbwa alikuwa anacheza. Hayo ndiyo mapya.

Nilifanya yote uliyoniandikia. Faili bovu tulilifuta. Programu tulizinyamazisha. Rauta tuliizima hadi fundi akahesabu thelathini kwa sauti, kama mwanafunzi. Kisha nikafanya langu. Nilichukua fomu ya kazini, ile ya kuandikia mita, nikajaza wiki nzima. Alfajiri kabla ya kwenda kazini, adhuhuri siku za mapumziko, jioni. Safu moja saa, safu nyingine asilimia. Nimekufungia nakala, uisome.

Asilimia moja kila baada ya dakika mbili. Alfajiri dakika mbili, jioni dakika mbili, Jumapili ya mvua dakika mbili. Na kila mara, muda wa saa mbili kamili ukitimia, natolewa nikiwa na sitini. Fundi akapakua ramani nyingine kwenye seva ya watu wengine, kubwa kuliko yetu, kwa kompyuta hii hii na waya huu huu. Ilishuka kwa dakika nne.

Mwanangu, mimi nimesoma mita miaka kumi na tisa. Bomba bovu halina adabu. Asubuhi linatoa, mchana linakohoa, jioni linatoa tope. Ukikuta nyumba maji yanatoka kwa kipimo kile kile saa zote, wiki nzima, hapo si bomba. Kuna mtu amekaza koki, akabakiza kiasi anachotaka yeye.

Habari ya flashi hukunijibu. Nilikuuliza waziwazi, ukaniletea habari za magoti.

Sitapiga kelele. Wewe ni mtoto niliyemlisha kwa mkono huu huu unaoandika. Lakini usinipige danadana kama mteja wa ofisi. Kuna kitu ndani ya nyumba hiyo ambacho hutaki nikione. Kiseme, au fungua koki nikakione mwenyewe.

Mama yako mdogo

*

Tarehe 30 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimesikia kwa shemeji kwamba dada amejifungua salama, mtoto wa kike. Mungu amkuze. Nilipaswa kuandika siku ile ile. Nimeanza barua hii mara nyingi, na zote nimezichana.

Koki niliikaza mimi.

Nilipopata barua yako ya kwanza, nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva: isitume zaidi ya kilobaiti ishirini kwa sekunde. Chini yake nikaandika wa pili, kwamba anayepakua kwa zaidi ya saa mbili atolewe. Nilipiga hesabu nikaona hutavuka sitini. Sikuweza kukukatalia, na sikuweza kukuruhusu. Nilidhani utachoka. Nilisahau unafanya kazi gani.

Haikuwa homa ya siku tatu. Futi alianza kuvimba miguu Juni ya mwaka jana. Figo, mama, zote mbili. Tangu hapo alikuwa anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, na mimi nilikuwa namsindikiza nikibadilishana zamu kazini. Miezi saba. Ndiyo maana hatukuja harusini. Alikuwa amelazwa wiki ile, na nisingeweza kumwacha.

Daktari aliuliza habari za ndugu wa kumtolea figo moja. Nilipimwa, yangu haikulingana. Akasema basi mama mzazi apimwe. Futi akakataa pale pale. Aliniambia, “Mama akijua, kesho yuko hapa na begi. Atapanda kitandani kabla hawajamuuliza jina. Mama anapanda ngazi za watu kutwa nzima, kaka. Sitaki.” Akaniapisha. Nilikuwa nangoja abadili mawazo, kila wiki nikijiambia wiki ijayo nitavunja kiapo. Nilikitunza, na Januari nikakuletea jeneza.

Mwezi wa Novemba nilisimama nyuma yake akiwa anajenga. Nyumba yetu ilikuwa karibu kwisha. Akanionyesha ukifungua mlango wa stoo unatokea chumba kingine, hiki chetu cha huku. Alikuwa ameweka kitanda chake, mashine ya hospitali, dawa mezani, na kalenda ukutani yenye duara jekundu kila siku aliyosafishwa damu, kuanzia Juni. Alikuwa anacheka. Alisema mchoraji majengo mzuri hafichi chumba. Mimi nilitoka nje.

Ndicho nilichokuwa nakuzuia usikione. Nilijua ukiyahesabu yale maduara utajua tangu lini nilijua, na kwamba nilinyamaza. Faili la mwisho alilonipa sikuwahi kulifungua. Sikuwa na moyo huo.

Kwa nini yeye mwenyewe hakukwambia hata baadaye, hilo lina sababu zaidi ya figo. Hiyo sitaiandika.

Nimefuta mistari yote miwili. Koki iko wazi.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo

*

Tarehe 14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto ana miezi miwili, analala mchana na kutuamrisha sote. Ana vidole virefu. Dada yenu anasema amevichukua kwa baba yake, na sote tunajua amevichukua kwa nani.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye ngazi za watu, fomu mkononi. Nilikaa pale. Mwenye nyumba akaniletea kiti.

Umeandika kwamba kuna sababu hutaiandika. Basi naiandika mimi. Futi alipokosa kuja harusini, nilimnunia. Nilimwambia kwa simu, siku ya pili yake, kwamba kama dada yake hana thamani kwake, basi na mimi asinitafute. Nikakata. Alinipigia Jumapili iliyofuata, sikupokea. Alipiga kila Jumapili. Nilikuwa naiangalia simu inalia mezani, nasema moyoni mwache ajue nimeumia, atakuja mwenyewe kuomba radhi. Jumapili ishirini na moja, mwanangu. Kumbe alikuwa anapiga akitoka kwenye mashine. Ndiyo maana simu siitaki, mlio wake unanipasua.

Wewe ulikuwa umekaa pembeni yake akipiga. Ulijua yote haya, na bado kwenye barua yako ukanifichia aibu yangu. Hilo nimeliona.

Jumamosi nimepakua nyumba. Dakika tatu na nusu. Fundi alinifundisha vitufe vinne vya kutembelea, akaniacha peke yangu. Mwanzo nilitembea nikiangalia dari, kisha nikanasa kati ya sinki na jiko kama yule mama wako wa kwenye lifti. Lakini ni nyumba yangu. Ameweka kigae kilichopasuka bafuni. Ameweka viatu vyangu vya kazi mlangoni, kimoja kimeangukia ubavu. Madirisha yanaingiza mwanga pale pale yanapouingiza saa kumi jioni. Nililia, sikufichi. Nilimwita jina lake kwa sauti, mtu mzima mimi, mbele ya kompyuta.

Kisha nikaenda stoo. Nilikaa mbele ya ule mlango kitambo kirefu, maana nilijua nakwenda kukutana na nini. Nikafungua.

Ni stoo. Kuna ndoo, ngazi, gunia la nguo kuukuu, na nyuma yake ukuta. Niliusukuma ukuta. Nilitoka nje nikazunguka nyumba yote mara mbili, nikarudi, nikamwita fundi, naye akazunguka. Chumba hicho hakipo, mwanangu. Alikibomoa. Ulipotoka nje siku ile, au siku nyingine baadaye, alikaa na miguu yake imevimba, akatumia saa chache alizobakiwa nazo kukivunja, akaziba, akapaka rangi, ili mama yake akija asione kitu.

Ungenifungulia mwezi wa tatu ningeingia, ningelia, ningekushukuru, nisingejua lolote mpaka nazikwa. Ulikaza koki miezi mitano kunizuia nisikione kitu ambacho hakikuwamo, na kwa kunizuia ndiyo umenifanya nikijue. Sijui nikushukuru au nikulaani. Usiniulize kama nimekusamehe. Niulize mwakani. Mwanangu bado nakuita, hilo usilitilie shaka.

Lakini mlinionea, ninyi wawili. Mlikaa mkaamua kwa niaba yangu, eti ngazi! Nani aliwaambia nazipenda ngazi? Figo ninazo mbili, mwanangu, zote nzima. Jana nimekwenda nikapimwa, daktari akaniuliza nasumbuliwa na nini, nikamwambia hakuna. Akasema nina figo za msichana. Nimerudi nazo nyumbani kwa miguu.

Sasa nisikilize, nina kazi nakutuma. Wewe ulikiona chumba kile, mimi sikukiona. Kijenge. Fundi ameniambia inawezekana, na wewe ulikaa naye miaka yote ile, huwezi kuniambia hujui. Pale pale nyuma ya stoo. Weka kitanda kama kilivyokuwa. Weka mashine, weka dawa. Weka kalenda na maduara yote, usipunguze hata moja, usinionee huruma. Kisha karibu na kitanda, upande ambao angeweza kuniona bila kugeuza shingo, weka kiti.

Ukimaliza niandikie. Nitakuja nikitoka kazini, nikae.

Mama yako mdogo